Haoni Usiku: Karogwa au Karithi?

 

Mazungumzo haya niliyatoa kwa wanafunzi wa sekondari moja, siku ya Ijumaa mchana, wakati ambapo kila mtu ana njaa na anawaza kwenda nyumbani. Nilipewa dakika arobaini tu. Cha ajabu, tulikaa mpaka saa kumi na moja jioni kwa sababu maswali hayakwisha. Niliporudi ofisini wenzangu wakaniambia, yaandike, na yule ambaye hakuwepo apate kuyasoma. Basi ndiyo haya. Wewe unayesoma sasa hivi, jihesabu umekaa dawati la mbele.

Kabla sijaanza niseme ukweli wangu. Mimi si daktari wa macho. Mimi ni dada yenu, mwelimishaji wa afya, nimemaliza chuo kikuu juzi juzi tu. Lakini habari hii ninayo moyoni tangu utotoni, na utaona kwa nini.

KUKU

Likizo zote tulikuwa tunapelekwa kijijini kwa bibi. Huko nilikuwa na binamu yangu, mtoto wa shangazi, tuliyelingana umri. Mchana alikuwa hodari kuliko sisi wote. Anapanda mwembe, anapiga manati, anakimbia. Lakini jua likishazama, mambo yanageuka. Anajikwaa kwenye kigoda. Anamwaga chai. Akitumwa dukani jioni anakataa, anachapwa, bado anakataa. Tukicheza kombolela yeye ndiye wa kukamatwa wa kwanza.

Sasa unajua kuku, giza likiingia haoni, ndiyo maana anawahi bandani. Basi tukamwita "Kuku". Na aliyeanza kumwita hivyo ni mimi. Watoto wote wakadaka. Hata shuleni jina likamfuata.

Wakubwa nao walikuwa na maneno yao. Wengine walisema ni mvivu. Wengine walisema anajifanya. Baadaye mdogo wake wa kike naye alipoanza kujikwaa jioni, maneno yakabadilika: hawa watoto wamerogwa. Shangazi akauza mbuzi mmoja kwa mganga, kisha wa pili. Watoto wakachanjwa chale, wakafukizwa, wakanyweshwa vitu ambavyo sivijui. Na upande wa mume wake wakasema wazi wazi, mkosi huu umetoka kwenu, kwetu sisi hatuna vipofu. Mwisho wake shangazi alirudi nyumbani kwa bibi na watoto wake wanne na sanduku moja la nguo.

Nataka ulikumbuke hilo sanduku. Tutalirudia.

RETINA NI KITU GANI?

Tuingie darasani kidogo. Usiogope, sitauliza mtihani.

Mwanga unaingia jichoni kupitia kioo cha mbele, unapita kwenye mboni, unapita kwenye lenzi, halafu unaangukia nyuma kabisa, kwenye utando mwembamba unaoitwa retina. Kama umewahi kuona kamera za zamani, retina ndiyo filamu. Lenzi inaweza kuwa nzuri sana, lakini filamu ikiharibika, picha hakuna.

Kwenye retina zipo seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Kuna seli za fimbo, kama milioni 120 katika kila jicho. Hizi ni za kuonea kwenye mwanga hafifu. Halafu kuna seli za koni, kama milioni 6. Hizi ni za mchana, za rangi, na za kusomea maandishi madogo. Kuku ana koni nyingi na fimbo chache, ndiyo maana jioni anahangaika.

Sasa sikiliza jambo muhimu. Ili seli za fimbo zione, zinahitaji kitu kinachotengenezwa kutokana na vitamini A. Kila mwanga unapoigusa seli, kile kitu kinatumika, kinabadilika umbo, na lazima kitengenezwe upya. Ni kama unga. Ukipika ugali, unga unakwisha, inabidi usagishe mwingine.

Kwa hiyo mtu anaweza kukosa kuona usiku kwa sababu mbili zilizo tofauti kabisa, na watu wengi wanazichanganya.

Ya kwanza, mahindi hayapo. Yaani mwili hauna vitamini A ya kutosha. Hili ni tatizo la lishe, na linawapata hasa watoto wadogo na akina mama wajawazito. Dawa yake inajulikana. Kula mchicha, matembele, kisamvu, maembe, mapapai, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mayai, maini na dagaa. Na ndiyo maana watoto wa miezi 6 mpaka 59 wanapewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Mwone mama anayempeleka mtoto wake kupata matone yale, mpe heko, anamwokoa macho na hata uhai.

Ya pili, mahindi yapo tele, lakini mashine ya kusaga ni mbovu. Mtu anakula vizuri, vitamini A imejaa mwilini, lakini jicho lake halijui kuitumia, au seli zenyewe za retina zina kasoro ya kuzaliwa. Huyu hata umlishe karoti gunia zima hataona usiku. Huyu amerithi.

Binamu yangu alikuwa kundi hili la pili.

BIBI NA BWANA WA PHILADELPHIA

Sasa nikupe habari ya mtu mmoja. Kule Marekani, katika mji wa Philadelphia, yupo mtafiti anayeitwa Jean Bennett. Huyu mama ni daktari na mwanasayansi wa jeni aliyefanya utafiti wake katika University of Pennsylvania. Mume wake, Albert Maguire, ni daktari wa upasuaji wa retina. Walikutana wakiwa wanafunzi wa udaktari, wakaoana, na wakaamua kupambana na ugonjwa mmoja ambao vitabu vyote vilisema hauna dawa.

Ugonjwa huo unaitwa kwa jina la daktari Mjerumani, Theodor Leber, aliyeueleza mwaka 1869. Mtoto anazaliwa haoni vizuri, au anapoteza kuona akiwa bado mdogo sana. Usiku kwake ni giza tupu, na mchana wake ni kama usiku wa wenzake. Kadiri miaka inavyokwenda seli za retina zinakufa, mpaka hata ule mwanga kidogo unatoweka.

Ugonjwa huu unaweza kuletwa na jeni nyingi tofauti. Jeni ni nini? Ni maagizo ambayo mwili unayafuata kutengeneza vitu vyake, na maagizo hayo tunayapata kwa baba na mama. Mwaka 1993 wanasayansi walieleza jeni moja inayoitwa RPE65, na mwaka 1997 ikathibitika kwamba jeni hiyo ikiwa na kasoro mtoto anapata upofu wa aina hii. Na kazi ya RPE65 ni ipi? Ni kutengeneza kile kimeng'enya kinachoisaga vitamini A upya ndani ya jicho. Yaani ndiyo mashine yenyewe!

Bennett na wenzake wakawaza hivi. Kama tatizo ni karatasi ya maagizo iliyochanika, kwa nini tusipeleke nakala nzima mle ndani ya jicho? Lakini nani ataibeba? Wakachagua kirusi kidogo ambacho wakati huo hakikujulikana kumletea binadamu ugonjwa wowote. Wakakitoa maagizo yake, wakakipakia jeni nzima ya RPE65. Kirusi kikageuzwa tarishi. Kinaingia ndani ya seli, kinakabidhi barua.

MBWA ALIYEKWENDA KUONANA NA WABUNGE

Huwezi kumchoma mtoto wa mtu sindano ya namna hiyo bila kujaribu kwanza. Bahati ni kwamba wapo mbwa wa aina ya Briard ambao baadhi yao huzaliwa na kasoro katika jeni hii hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Gustavo Aguirre na Gregory Acland, walikuwa na mbwa hao. Wakaungana na Bennett na Maguire.

Mwaka 2000 mbwa watatu walidungwa. Kabla ya hapo walikuwa wanagonga meza na viti kama binamu yangu na kile kigoda. Baada ya matibabu wakaanza kukwepa vitu vilivyo upande wa lile jicho lililotibiwa. Matokeo yakachapishwa mwaka 2001 katika jarida la Nature Genetics. Mmoja wao, jina lake Lancelot, akapelekwa mpaka kwa wabunge wa Marekani ili wamwone kwa macho yao.

Unaweza kudhani kwamba mwaka uliofuata watu wakaanza kutibiwa. Wapi! Na hapa nataka uwe makini, maana sayansi si hadithi ya ushindi tupu. Mwezi Septemba 1999, katika University of Pennsylvania hiyo hiyo ya kina Bennett, kijana wa miaka 18 alikuwa amefariki katika jaribio jingine la kutumia jeni, la ugonjwa wa ini. Kirusi kilichotumika kwake kilikuwa cha aina nyingine, na jaribio halikuwa la kina Bennett. Lakini kifo ni kifo. Kazi ya aina hii ikasimamiwa kwa ukali nchi nzima, na kila aliyetaka kumgusa binadamu akatakiwa athibitishe usalama hatua kwa hatua.

Kwa hiyo miaka ikapita. Mwaka 2007 ndipo mtu wa kwanza akadungwa katika hospitali ya watoto ya Philadelphia. Walianza na watu wazima, jicho moja tu, tena lile baya zaidi, ili mambo yakiharibika asipoteze jicho lililobaki. Mwaka 2008 wakachapisha habari za wagonjwa watatu wa mwanzo katika New England Journal of Medicine. Toleo hilo hilo likawa na habari za wagonjwa wengine watatu waliotibiwa na timu ya London. Yaani watu wawili wanapiga mbio kila mmoja njia yake, wakafika pamoja.

Mwaka 2009 Bennett, Maguire na wenzao wakatoa habari za wagonjwa 12, wenye umri wa miaka 8 mpaka 44. Waliofaidika zaidi ni watoto. Unaona sababu? Watoto walikuwa bado na seli hai nyingi. Barua haiwezi kumfikia mwenye nyumba kama nyumba yenyewe imeshabomoka.

Kisha likaja jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2017 katika Lancet. Hapa walifanya kitu ambacho mimi nakipenda mno. Hawakuridhika na kusomesha herufi ukutani. Walitengeneza njia yenye kona na vizuizi sakafuni, wakamwambia mgonjwa, pita. Wakapunguza taa kidogo kidogo, mpaka kufikia mwanga hafifu kabisa, kama wa usiku usio na mbalamwezi ukiwa na taa za mbali. Baada ya mwaka mmoja, kati ya wagonjwa 20 waliotibiwa, 13 walipita njia ile kwenye mwanga wa chini kabisa. Kati ya wale 9 ambao walikuwa bado hawajatibiwa, hakuna hata mmoja. Na wale waliosubiri nao wakaja kupewa matibabu.

Tarehe 19 Desemba 2017 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo, inaitwa Luxturna. Ilikuwa mara ya kwanza nchi hiyo kuidhinisha tiba ya kupeleka jeni moja kwa moja mwilini kwa ajili ya ugonjwa wa kurithi. Dawa yenyewe ni mililita 0.3 kwa kila jicho. Huijazi hata kwenye kizibo cha soda.

"SASA HIYO INATUSAIDIA NINI SISI?"

Nilipofika hapo, kijana mmoja wa nyuma kabisa akanyoosha mkono. Akauliza, "Dada, hiyo sindano bei gani?"

Nikamwambia. Ilipoanza kuuzwa mwaka 2018 ilitangazwa kwa dola 850,000 za Marekani kwa macho mawili.

Darasa lilicheka, halafu likanyamaza. Yule kijana akasema, "Basi kwa nini unatuchosha? Si habari ya matajiri hiyo?"

Swali zuri sana. Na mimi sitaki kukudanganya. Hata ungekuwa na hizo dola, zaidi ya jeni 250 zinajulikana kuleta magonjwa ya retina ya kurithi. Dawa hii inatibu kasoro ya jeni moja tu kati ya hizo. Mwenye kasoro ya jeni nyingine haimsaidii. Wengi wetu wenye ndugu wanaopoteza kuona kidogo kidogo, dawa yao bado inatafutwa.

Lakini ipo zawadi nyingine ndani ya kazi ya hawa watu, na hii haiuzwi. Wametuonyesha kwa ushahidi wa kuonekana kwamba mtu ambaye haoni usiku tangu utotoni ana karatasi iliyochanika ndani ya seli. Ukirekebisha karatasi, anaona. Mbwa hakufukizwa. Mtoto hakuchanjwa chale. Hakuna jirani aliyeshikwa uchawi. Kama ni uchawi, nakala ya jeni ingewezaje kuuondoa?

Yule kijana akatikisa kichwa. Nikaona imeingia.

SHANGAZI NA LILE SANDUKU

Sasa turudi kwenye sanduku la shangazi.

Mwaka ule wa 2008, wakati habari za wale wagonjwa watatu zinachapishwa, huku kwetu shangazi anauza mbuzi. Ilipita miaka mingine kadhaa ndipo mwalimu mmoja mwenye busara akamwambia, mama, peleka hawa watoto hospitali ya macho. Daktari akawatilia dawa ya kupanua mboni, akachungulia retina. Akaziona zile dalili: madoa meusi meusi yaliyotawanyika pembeni. Akauliza, wewe mama unaona vizuri? Naona. Na baba yao? Anaona. Watoto wangapi? Wanne. Wasioona usiku? Wawili, wa kiume na wa kike.

Akachukua sarafu mbili. Nami nakuomba uchukue sarafu mbili sasa hivi, tufanye pamoja.

Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni ya aina hii, moja ya baba, moja ya mama. Nakala moja ikiwa mbovu na nyingine nzima, mtu anaona vizuri tu, maana ile nzima inatosha. Mtu huyo tunasema amebeba. Hajui, hana dalili, anaweza kuishi miaka themanini asijue. Sasa aliyebeba akikutana na mwenzake aliyebeba kasoro ya jeni ile ile, kila mmoja anarusha sarafu. Sarafu ya baba inaweza kuangukia nzima au mbovu. Ya mama hali kadhalika. Zikiangukia mbovu zote mbili, mtoto anaugua. Nafasi yake ni moja kati ya nne kwa kila mimba.

Angalia hapo, wengi wanakosea. Haina maana kwamba mtoto wa nne ndiye ataugua. Kila mimba inarusha sarafu zake upya. Familia moja inaweza kupata watoto wanne wote wazima, na nyingine ikapata wawili wagonjwa, kama shangazi.

Sasa niambie. Kama mtoto lazima apate nakala mbovu kwa baba NA kwa mama, ule mkosi ulitoka kwa nani? Umetoka pande zote mbili, sawa kwa sawa. Na wala si mkosi, ni bahati ya sarafu. Shangazi alifukuzwa kwa kosa ambalo hakulifanya, tena na watu waliolichangia nusu.

Zipo pia njia nyingine za kurithi. Kuna magonjwa ya retina ambayo nakala moja tu mbovu inatosha, hivyo mzazi mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu kumpa kila mtoto. Na kuna yale yanayopitia kwa mama mzima na kuwapata hasa watoto wa kiume. Ndiyo maana daktari anauliza habari za ukoo wote. Usimfiche.

Na mimi je? Baba yangu ni kaka wa shangazi. Daktari alipopiga hesabu, nafasi ya mimi kubeba ni kama moja kati ya nne. Naona vizuri na nitaendelea kuona. Lakini siku nikipata mchumba nitamwambia, na hasa kama tuna undugu. Najua huku kwetu watu husema binamu nyama ya hamu, na koo nyingine huozana binamu kwa heshima zote. Mimi simtukani mtu mila yake. Nasema tu kwamba watu wa ukoo mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba karatasi ile ile iliyochanika, kwa sababu wameirithi kwa babu yule yule. Kama katika ukoo wenu wapo wasioona usiku, ongeeni na daktari kabla ya kupeleka posa.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, zijue dalili. Mtoto anajikwaa jioni lakini mchana yuko sawa. Anaogopa kutoka usiku. Anachukua muda mrefu kuzoea akiingia chumba chenye giza. Anagonga vitu vilivyo pembeni kana kwamba anachungulia kupitia bomba. Mtoto mchanga hafuati uso wa mama yake, au macho yake yanachezacheza bila kutulia, au anayasugua na kuyakandamiza kwa vidole kila mara. Huyo apelekwe kwa daktari wa macho.

Pili, kuna dalili moja ambayo haisubiri hata wiki. Ukiona mboni ya mtoto mdogo inang'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, au kwenye picha jicho moja linatoka jeupe, kimbia hospitali. Inaweza kuwa kansa ya retina. Nayo katika baadhi ya familia hurithiwa. Ikiwahiwa mtoto anapona. Ikicheleweshwa, inaua.

Tatu, usinunue vidonge vya vitamini A vichochoroni ukameza hovyo. Vikizidi vinaharibu ini, na kwa mama mjamzito vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Yule ambaye mashine yake ni mbovu hawezi kupona kwa kuongezewa mahindi. Acha daktari aseme ni tatizo lipi.

Nne, nenda panapohusika. Anza kituo cha afya cha karibu, uombe barua ya rufaa. Hospitali kubwa kama KCMC kule Moshi, Muhimbili na CCBRT kule Dar es Salaam zina wataalamu wa macho. Na kama umeambiwa "hakuna dawa", usitoke ukalia ukaishia hapo. Uliza: je, miwani itanisaidia? Je, lenzi ya kukuzia maandishi? Nikalie wapi darasani? Nitajifunza wapi kutembea na fimbo nyeupe, na kusoma nukta nundu? Mtu asiyeona vizuri anahitaji shule kama wewe.

Tano, na hili ni la bure kabisa. Funga mdomo. Yule mwenzako anayekataa kwenda kuteka maji jioni, anayeng'ang'ania kushika shati lako mkitoka prepu, usimwite mvivu, usimwite mlevi, usimpe jina la mnyama. Mshike mkono, mwambie "hapa kuna ngazi". Basi.

SIKU NILIYOMWOMBA RADHI

Utaniuliza, binamu yako alipata ile sindano? Hapana. Hatujui hata jeni yake ni ipi, maana vipimo vyenyewe ni ghali. Sasa hivi anaona kadirio la uso wa mtu aliyesimama mbele yake, mchana wa jua kali. Pembeni haoni tena.

Lakini ana kazi yake, anafundisha shule ya msingi. Anasoma nukta nundu kwa vidole haraka kuliko mimi ninavyosoma gazeti. Simu yake inamsomea ujumbe kwa sauti, tena kwa kasi ambayo wewe husikii kitu. Mdogo wake wa kike amejifunza fimbo nyeupe mapema, kwa hiyo hana alama za kujikwaa miguuni kama kaka yake. Hiyo ndiyo faida ya kujua mapema, hata pasipo na dawa.

Nilipokuwa natayarisha mazungumzo haya, nilikwenda kumsomea habari za Bennett na wale mbwa. Alicheka sana aliposikia mbwa kapelekwa bungeni. Kisha nikamwambia lile nililokaa nalo miaka yote. Nikamwambia, kaka, lile jina nilianza mimi. Nisamehe.

Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Nilijua ni wewe. Sauti yako niliitambua. Kwani mimi masikio yangu yana tatizo gani?"

Tukacheka wote wawili mpaka machozi. Jua lilikuwa limezama. Nikampa mkono, tukatoka kwenda kula kwa shangazi. Nilipofika mlangoni nikamwambia, "Hapa kuna kigoda." Akainua mguu, akapita.

Kama wewe nawe una mtu wa kumwambia "hapa kuna kigoda", usingoje miaka kama mimi. Mwambie leo.

 Maswali mtaniletea.